Mchuzi wa Dakika Kumi na Tano

"Mchuzi wenu mnauleta unachemka makusudi," alisema muuza matairi. Yeye na mama mpishi wa mgahawa wa njiani walijuana ndani ya basi asubuhi ile tu, lakini walivyogombana ungedhani ni mtu na mkewe. "Dereva anatupa dakika kumi na tano. Bado napuliza, honi hiyo! Nakimbia, nyama naiacha sahanini. Niambie dada yangu, ile nyama huwa inakwenda wapi?"

"Inatupwa, kaka. Ungeletewa ya baridi si ungelia?"

"Inatupwa wapi? Nimepita hapo mara nne, sijaona hata mbwa mmoja mnene."

Abiria wakacheka. Mpishi hakucheka. "Chunga mdomo wako. Jiko lile ndilo linalolisha wanangu."

"Kwa mabaki yangu?"

Nyuma yao, binti mmoja alikumbatia mkoba wake, kamba ya aproni mpya ikichungulia. Siku hiyo alikuwa anaanza kuosha vyombo kwenye mgahawa huohuo, na kazi hiyo aliitafuta miezi saba. Alitamani mpishi ataje pipa, au shimo, au hata nguruwe wa jirani. Mpishi alitazama dirishani.

Basi likasimama mbele ya mgahawa. Muuza matairi hakuinuka. Alitoa mayai yake ya kuchemsha, akaanza kumenya.

Mpishi aligeuka, akaiona ile kamba. "Kumbe mwosha vyombo mpya ni wewe? Haya, shuka mwanangu. Na sahani ya mteja usiimwage kabla hujaniuliza."