Mwenye Funguo Hukaa Nje: Maisha ya Orrin Haugland

Siku Orrin Haugland alipofariki, tarehe 2 Aprili 2024, ndani ya gari-nyumba lake lililoegeshwa hapa jangwani nje ya Quartzsite, Arizona, walikuwepo binti yake Kristine, muuguzi Ofelia Bracamonte, mama Mavis Ostby wa kambi yetu ya magari-nyumba, jirani yake Janessa Tull, ambaye ndiye anayesoma mbele yenu, na Posy, mtoto wa Janessa, aliyekaa miguuni pa kitanda. Kristine ameomba jambo hilo litangulie mengine yote, kwa sababu kuna wakati sisi wa kambi hii tulidhani Orrin anataka kuwa peke yake, na haikuwa kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1947, shambani karibu na Towner, North Dakota, akiwa mtoto wa tatu wa Selmer na Agnes Haugland, wakati theluji imefunga njia, na jirani mmoja ndiye aliyemleta mkunga kwa farasi, jirani ambaye Agnes aliendelea kumtaja katika sala zake mpaka uzeeni. Alisoma shule ya jirani yenye chumba kimoja, akamaliza sekondari pale Towner mwaka 1965, na mwaka uliofuata akaajiriwa na idara ya barabara ya kaunti, ambako aliendesha greda na kutengeneza injini zake hadi alipostaafu mwaka 2009. Wakati wa theluji alianza kwa kusafisha njia za wajane, tena bila kuagizwa, na wengi wao hawakujua ni nani, kwa sababu walipoamka alikuwa amekwisha kupita.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Lavonne Brekke katika kanisa la Kilutheri la kwao, na tarehe 20 Februari 1974 wakampata Kristine, mtoto wao wa pekee, ambaye sasa anaishi Duluth. Alipostaafu waliuza nyumba, wakanunua gari-nyumba la dizeli lililotumika, na kila majira ya baridi wakawa wanakuja huku kwenye jua pamoja na sisi wengine.

Katika miaka hiyo yote hakuna gereji iliyowahi kumwaga oili ya gari lile. Orrin alifanya mwenyewe kila mwaka kabla ya safari ya kurudi kaskazini, na alifanya kwa utaratibu ambao hakuubadilisha: alipasha injini moto kidogo, akaizima, akaweka vigingi kwenye matairi na stendi za chuma chini ya chesisi, kwa kuwa gari lile hubebwa na mifuko ya upepo na upepo ukitoka linaweza kumlalia mtu, kisha akamkabidhi Lavonne funguo. Lavonne alizitia mfukoni mwa aproni, akakaa kitini nje, na kazi yake ilikuwa kuzungumza. Orrin akiwa chini, amefungua nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili nyeusi inashuka kwenye beseni, alitaka kusikia sauti, ili ajue kwamba mwenye funguo yupo na hakuna atakayewasha gari. Sauti ikikatika, alitoka. Basi Lavonne aliongea, juu ya majirani, juu ya mapishi, juu ya ndoto alizoota, na sisi tuliopita tulicheka tukimsikia akiyasimulia matairi.

Lavonne alifariki tarehe 9 Agosti 2018. Oktoba ile Orrin alikuja peke yake. Kwa desturi ya kambi yetu, viti vikiwa nje mwenye gari anakaribisha watu, na vikiwa ndani hatugongi mlango. Orrin aliingiza viti vyote viwili, kwa sababu hakuweza kukiangalia kile cha Lavonne kikiwa kitupu, na sisi, kwa kumheshimu, hatukugonga. Kambi nzima ilipita majira yote ya baridi bila kumwambia neno, zaidi ya kumpungia mkono kwa mbali.

Ilipofika Aprili 2019 watu walianza kuondoka, kwa kuwa kibali cha kukaa kilikuwa kinakwisha na joto linakuja. Janessa alikuwa na trela yake jirani, mumewe yuko mbali kwenye kazi za nguzo za umeme, na Posy bado ananyonya. Akiwa anaanika nepi alimwona Orrin akipanga madumu ya oili mpya, chujio, spana na beseni, akisimama na funguo mkononi, kisha akivirudisha vyote ndani. Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na siku iliyofuata tena, ndipo Janessa akaenda kumuuliza, mzee, kuna kitu kimeharibika?

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Nimekosa mtu wa kukaa nje."

"Kukaa tu?"

"Kukaa na funguo, na kusema."

"Kusema nini?"

"Chochote. Ukinyamaza natoka."

Janessa alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mtoto mapajani, funguo mfukoni, na kwa kuwa hakujua la kusema alisoma kwa sauti maandishi ya kwenye dumu la oili, akayamaliza, akaanza upya, mpaka sauti ikatoka chini ya gari: "Binti, hayo nayajua. Niambie umekula nini."

Akamwambia ameunguza maharage, akayala hivyo hivyo, na Orrin akacheka huko chini mpaka spana ikamdondoka. Alipotoka alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na viti viwili, akavipanga nje.

Mama Mavis alifika kabla ya chakula cha jioni. "Orrin, majira yote haya tunanyata mbele ya mlango wako, tukidhani tunakupumzisha."

"Niliwasikia mkinyata," alisema Orrin, na Mavis akavuta kiti kimoja, akakaa.

Tangu hapo Janessa ndiye aliyeshika funguo kila mwaka, na viti havikuingia tena ndani ila kwa upepo mkali.

Marehemu alianza kuugua mapafu Novemba 2022, na Januari 2024 alilazwa hospitalini Yuma, ambako madaktari walimweleza ukweli kwa upole, naye akaomba kurudi kwenye gari lake. Tarehe 9 Machi alisema gari halitakwenda kaskazini na oili ya mwaka jana. Hakuweza kuinama, kwa hiyo Janessa ndiye aliyeingia chini, na Orrin akakaa kwenye kiti cha Lavonne, mpira wa oksijeni puani, funguo kiganjani, akaongea. Alisema alizaliwa wapi, mkunga aliletwa na nani, alifunga ndoa lini. Pumzi ilimkatika mara nyingi, na Janessa akamwambia nyamaza upumzike, mzee, naye akajibu, "Nikinyamaza utatoka, na nati hujaikaza." Karibu yote mliyoyasikia katika historia hii aliyasema siku hiyo, kwa mtu aliyelala chini ya gari lake.

Siku ya mwisho hakuweza kusema tena. Kitanda chake kiko juu ya injini, na sisi tulikaa kukizunguka tukipokezana maneno, kwa sababu kila tuliponyamaza alifungua macho. Kristine alishika funguo mahali ambapo baba yake angeweza kuziona. Posy alisimulia mjusi wake, Mavis akasimulia mbwa wa jirani aliyeiba mkate, na katikati ya habari hiyo ya mbwa Orrin akatulia. Mavis aliimaliza hata hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Yuma, muuguzi Ofelia aliyekuja kwa barabara ya vumbi hata siku isiyo ya zamu yake, wafanyakazi wa kaunti waliofanya kazi na marehemu zamani, waliotuma maua kutoka mbali, na majirani wote wa kambi, hata wale wa kunyata, kwa maana nia yao ilikuwa njema.

Kristine ataliendesha gari kwenda Towner kesho, na viti viwili vimebaki nje ya trela ya Janessa.

Pumzika kwa amani, Orrin. Tupo hapa nje.