Kamba ya Nyuma

Nawasalimu nyote, mlioketi na mliosimama. Mimi mniruhusu niongee nimekaa tu, mnajua miguu yangu iligoma siku nyingi.

Zamani nilikuwa utingo wa lori. Nilianguka kutoka juu ya mzigo hapa Malaba mpakani, nikaamka hospitalini sihisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Ndugu zangu, nawaambia nililia. Baadaye watu wa kanisa wakaninunulia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, nikajiunga na nyinyi walemavu wenzangu mnaovusha mizigo kwenda Uganda.

Mnaujua ule mteremko wa darajani. Desturi yetu ni kwamba ukiwa na mzigo, mwenzako anashika kamba iliyofungwa nyuma ya baiskeli akuzuie usikimbie. Hakuna aibu. Lakini mliponichagua mwenyekiti wa kikundi, weh, hofu ikaniingia. Mwenyekiti akishikwa kamba, nani atamsikiza? Nikawa nashuka peke yangu. Kila asubuhi nikikaribia pale juu napunguza mwendo, na mtu akiniuliza, nacheka, "Niko sawa, boss."

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha. Nilibeba kreti za soda. Nikaanza kushuka, nikafinya breki, haishiki. Baiskeli ikaenda tu! Mbele yangu akina mama wa nyanya wameinama kando ya barabara, watoto mgongoni. Nikashika magurudumu kwa viganja, ngozi ikachunika. Na jameni, hata hapo, kichwa bado kinaniambia nyamaza, watakuonaje?

Nikapiga kelele: "Nishikeni! Siwezi! Nishikeni!"

Mwenzetu mmoja wa magongo, aliyekuwa ameegesha baiskeli yake kando, aliyatupa, akajirusha, akaikamata kamba yangu iliyokuwa bado inaning'inia nyuma. Akaburuzwa kwa tumbo, lakini hakuiachilia. Wengine wakairukia kamba, wakavuta naye. Tulisimama karibu kabisa na zile nyanya.

Nilingoja kuchekwa. Yule ndugu, viwiko vinatoka damu, akaniangalia tu. "Mwenyekiti, hata mimi naogopa huu mteremko. Niliacha kuitisha kamba kwa sababu nilikuona wewe hushikwi."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko viganja.

Asanteni nyinyi mlioshika. Asante wewe wa magongo, sikutaji, unajijua. Nilichojifunza ni hiki: nikificha hofu yangu, mnaonifuata mtaficha yenu, na sote tutashuka bila kamba. Siku hizi kabla sijaamua jambo la kikundi, nawauliza nyinyi kwanza. Hofu haijaisha, nisiwadanganye. Kesho asubuhi nina mzigo tena, na naona mawingu.

Nani atanishika?