Okidi za Binti wa Kioo

Benchi letu limegongomelewa kwenye ukuta wa duka la picha lililofungwa zamani, na upande mmoja umezama, kwa hiyo anayekaa mwisho hunywa kahawa yake ameinama kama anayetafuta sindano. Jioni, kazi zikiisha, utamkuta hapo Breki, fundi wa magari, kucha zake zimejaa grisi. Utamkuta Shemeji, muuza mitumba, ambaye sote tunamwita hivyo ingawa hakuna anayekumbuka alioa dada wa nani. Utamkuta Profesa, muuza magazeti, aliyesoma vichwa vya habari vya dunia nzima na habari yenyewe hata moja hajaimaliza. Mama wa kahawa na birika lake hukaa pembeni, na mimi hukaa popote penye nafasi. Zamani tulikuwa na Kioo pia, fundi vioo, mtu wa sauti ya chini, aliyefiwa na mke na kubaki na binti yake mmoja, mwalimu. Maneno yalianza siku aliyokuja kutafuta mkaa.

– Nani ana vipande vya mkaa vidogo, kama punje za mahindi? aliuliza hata hajakaa.

– Unachoma nini? Breki akamuuliza.

– Sichomi. Nautia kwenye sanduku la kioo. Chini kokoto, juu yake wavu wa dirisha, kisha mkaa, kisha magome ya miti yaliyokatwakatwa.

– Huyo ni nyoka, akasema Shemeji. Bwana wee, Kioo anafuga nyoka!

– Nyoka wapi! Profesa akamkata. Hiyo ni dawa. Inavundikwa humo, inauzwa ng'ambo. Nimesoma.

– Umesoma wapi?

– Gazetini.

– Kichwa cha habari tu, akasema Mama wa kahawa, tukacheka. Hata Kioo alicheka kidogo, halafu akaketi.

– Ni maua ya binti yangu, alisema. Okidi, zile ndogo kabisa. Ua lake lote ni kama punje ya mchele. Hazipandwi udongoni, unazifunga kwa uzi kwenye tawi, zinakunywa unyevu wa hewani.

– Kwa nini usimnunulie mtoto waridi la kawaida, yaishe? akauliza Breki.

Kioo alikizungusha kikombe chake mkononi.

– Mapafu, alisema. Daktari ametukataza vyungu vyote chumbani. Udongo mbichi unaota ukungu, ukungu unamwingia kifuani. Nilivitoa vyungu vyake vyote, kimoja kimoja, naye kalala ananitazama. Sasa sanduku likifungwa vizuri, unyevu unabaki ndani na yeye anabaki nje. Yeye ndiye injinia, mimi kibarua tu. Ananielekeza kutoka kitandani.



Tulifuatilia kazi ile kama watu wanaofuatilia ligi. Kioo alikata vioo mwenyewe, akaviunganisha kwa gundi, akaliacha sanduku kibarazani mpaka harufu ikaisha, maana binti hakuweza kuvumilia harufu yoyote. Alipasua kompyuta mbovu akatoa feni ndogo, ili hewa ya ndani izunguke na mizizi isioze. Taa akaiweka juu. Binti alimwagiza atafute tawi lililopinda, na akalirudisha la kwanza kwa sababu lilinyooka mno.

– Nimerudishwa sokoni kama mtoto, Kioo alituambia, uso unang'aa. Tawi lako baya, baba! Ananiambia hivyo! Jana ameketi kitandani saa nzima, anafunga zile okidi kwa uzi. Ameketi mwenyewe, bila mto.

– Basi anapona, akasema Breki.

– Anapona, akasema Kioo.

Hakupona. Mvua zilipoanza alizidiwa, akapelekwa hospitali, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Kioo akawa anapita benchini akitoka wodini, na chupa ya kupulizia maji mfukoni, kwa sababu akifika nyumbani la kwanza ni kuzihudumia okidi. Jioni moja alikuja uso umemshuka.

– Zinanyauka, alisema. Majani yamekuwa ya njano, mengine yanadondoka. Na siwezi kumuuliza. Ana mpira mdomoni, hawezi kusema. Nikimwandikia swali kama hilo atajua kuna kitu. Nifanyeje?

– Mwagia mbolea, akasema Shemeji. Ya kuku. Wewe ziloweshe tu.

– Fungua mfuniko, zipate hewa, akasema Breki.

– Nyinyi watu mnataka kumuulia mtu maua yake, akasema Profesa, na sauti yake ikapanda ile ya kuuzia magazeti. Mmea ni jua! Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Taa ya betri ni jua? Litoe nje, Kioo, likae juani kutwa. Utakuja kunishukuru.

– Amesema liwe mbali na jua, akasema Kioo. Hata pazia hufungua nusu.

– Amesema akiwa mgonjwa. Mgonjwa huogopa jua. Mmea hauogopi. Wewe unabishana na sayansi?

Tulibishana, na kama kawaida aliyepaza sauti zaidi ndiye aliyeshinda. Kioo alishukuru, akaenda.

Asubuhi iliyofuata mawingu yalipasuka na jua likawaka kweli. Kioo alilitoa sanduku kibarazani akaenda wodini. Mnajua gari lililofungwa vioo linavyokuwa mchana. Aliporudi, vioo vilikuwa vinavuja jasho kwa ndani, na alipofunua mfuniko ulitoka mvuke kama wa mboga iliyochemka. Jirani yake ndiye aliyetusimulia. Anasema Kioo alikaa chini kibarazani, akawa anaokota vijani vile kwa ncha za vidole, akivirudisha kwenye tawi, vikidondoka.

Binti aliruhusiwa kurudi nyumbani baadaye, lakini Kioo hakuja tena benchini. Nasi midomo yetu haikupumzika.

– Ametukasirikia, akasema Shemeji.

– Atukasirikie kwa lipi? akasema Profesa haraka. Huyo amepata kazi kubwa. Majengo ya vioo matupu, ghorofa hadi mawinguni.

– Mimi nasikia anahama, akasema Breki. Kuna mtu amemwona na masanduku.

– Masanduku ya okidi, akasema Profesa. Si nilisema ni biashara? Zile hazikufa. Ameficha, anauza ng'ambo, ndiyo maana anatukimbia. Mtu akifanikiwa hakumbuki kijiwe.

– Jirani ameziona zimekufa, nikasema.

– Jirani amekula njama naye! Fikiri basi!

Tulikuwa hapo, Profesa amesimama anatueleza bei ya okidi moja huko ng'ambo, tulipomwona mwanamke kijana anakuja akifuata ukuta. Kitambaa kimemfunika mdomo na pua, koti zito mwilini ingawa kulikuwa na joto. Alifika, akasubiri pumzi imrudie.

– Shikamooni, alisema.

– Marahaba, mama, tukaitikia.

– Mimi ni binti wa... nyinyi mnamwita Kioo.

Mama wa kahawa alisogeza kigoda chake. Binti alikataa kwa mkono.

– Sikai, asante. Nikikaa nitashindwa kuinuka. Alivuta pumzi. Baba hali chakula. Anashinda analitazama lile sanduku. Nimemwambia ni maua tu, tutapanda mengine, hasikii. Anasema yeye ni fundi vioo, anajua kioo kinavyoshika joto, na aliliweka juani kwa akili yake mwenyewe. Anasema ameua kitu cha mwisho nilichokuwa nacho.

Profesa alikuwa bado amesimama.

– Namjua baba yangu, binti aliendelea. Hata pazia alikuwa akinigombeza nisilifungue lote. Hawezi kuwaza jambo hilo peke yake. Kuna mtu alimwambia, na yeye anamficha. Sikuja kugombana na mtu, wazee wangu. Nataka tu mtu huyo aje nyumbani amwambie baba kuwa halikuwa kosa lake. Mimi haniamini. Atamwamini yeye.

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

– Ni nani?

Breki alianza kusugua grisi kwenye kidole chake. Shemeji alitazama barabarani kama kuna mtu anamwita. Mama wa kahawa alifunua birika, akachungulia ndani, akalifunika. Mimi nilimtazama Profesa, na Profesa, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, aliketi taratibu akainamisha kichwa.

Binti alisubiri. Tulisikia pumzi zake kwenye kitambaa, zikiingia kwa shida, zikitoka kwa shida.

– Basi samahanini, alisema.

Akaondoka. Kila baada ya hatua chache alisimama, akashika ukuta, na kila aliposimama tulidhani anageuka kutuuliza tena. Hakugeuka. Na hakuna aliyeinuka kwenda kumshika mkono, kwa kuwa ambaye angeinuka ingebidi aseme neno.