Mashine ya Justus na Baraza la Marehemu Said

Ukitoka hospitali ya Port Reitz ukashuka kidogo na barabara, utaliona baraza la saruji lenye egemeo, limepakana na kibanda cha Salem. Ni jeusi kwa moshi wa malori, kahawa na migongo yetu. Hicho ndicho kijiwe chetu. Kona ya kivuli ni ya Zuhair, tunayemwita Mwenye Baraza, kwa kuwa atakwambia hata kabla hujamaliza salamu kwamba baraza hili lilijengwa na marehemu babake, mzee Said, na jina lake aliliandika kwenye saruji, ila uchafu umelifunika. Kwa hoja hiyo, kikombe cha kwanza cha kahawa ya Charo mchuuzi ni chake, na cha mwisho ni chake. Katikati hukaa Salem, fundi wa simu, jina la kijiweni Daktari. Upande wa jua hukaa mimi, wananiita Redio, na nadhani mnaona kwa nini. Justus, dereva wa foklifti kwenye yadi ya makontena, hakai na sisi. Yeye hukaa mbele yetu juu ya mtungi wa njano wa lita ishirini. Ni mwaka wa kumi na moja huu. Akiomba tumsongee, Zuhair humkumbusha kwamba yeye ni mgeni. Mtu amezaa watoto watatu hapa hapa, hakuna anayejua Kakamega iko upande gani, na bado ni mgeni.

Jumamosi hiyo, baada ya adhuhuri, Justus alikuja amekumbatia kitu chenye magurudumu mawili na mpira mrefu.

— Salaam aleikum, wazee.

— Waaleikum salaam, akajibu Zuhair. Umebeba nini, mwana wa Kakamega?

— Mashine ya presha, ya kuoshea nyumbani. Nimeinunua jana. Mke wangu Quinter amechoka, mvua zimeotesha ukungu kwenye ukuta mpaka mbuzi wa jirani anakuja kujilisha.

— Na imeosha?

— Imetema mate tu, buda. Daktari, niazime stima yako uone.

Salem akatoa ekstensheni kibandani, waya wenyewe umezongwa kama chapati. Mashine ikapandishwa juu ya stuli. Maji yalitakikana, na chombo kilikuwa kimoja tu, mtungi anaoukalia Justus. Ukajazwa kutoka pipa la Salem, mpira ukatumbukizwa, mashine ikawashwa. Ilinguruma kama lori linalopanda Mazeras. Kisha kwenye kidomo cha mbele ikatoka: ptu. Ptu. Ptu.

— Babu yangu alikuwa akikohoa hivyo, nikasema.

— Na aliishi?

— Hapana.

Karibu na sisi, kwenye mlingoti wa stima, alisimama yule mama wa kikapu. Kila siku hupita saa saba na chakula cha mgonjwa, na akirudi husimama pale kwenye mlingoti kungoja tuktuk. Sisi ni watu wa adabu, hatumpuuzi.

— Hujambo mama? Mgonjwa yuaendeleaje?

— Namshukuru Mungu. Mguu unaanza kushika.

— Alhamdulillahi, tukasema sote, tukairudia mashine.

— Makosa ni kwenye kuchagua, akaanza Salem. Dukani ulichaguaje?

— Zilikuwa mbili. Moja presha mia na thelathini, nyingine mia na themanini. Nikachukua hii ndogo.

— Unaona! Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe. Maana yake, dukani beba kilicho kizito.

— Mwenye duka alisema hiyo kubwa itang'oa rangi na chokaa.

— Mwenye duka ajua nini? Mashine huchaguliwa kwa unene wa waya, nikasema mimi. Sijui jambo hilo nililitoa wapi, lakini nilipolisema lilikuwa zuri.

Zuhair alikuwa akinywa kikombe chake cha kwanza, akingoja tuchoke. Akafuta mdomo.

— Mashine haina kosa. Kosa ni uwanja wa ndege.

— Vipi?

— Ndege ikishuka hapa, yavuta stima ya mtaa mzima. Hujaona taa hufifia?

— Ndege haina waya, Zuhair.

— Ndiyo maana huiba.

Tukaangalia juu. Kwa bahati mbaya ndege ilikuwa ikipita, na Zuhair akakunja mikono kama mtu aliyemaliza kesi.

— Si stima, akasema Salem. Hivi vitu vya sasa vina chipu. Hii imefika Mombasa bado yadhani iko kwao. Yataka kuambiwa. Pale ndani pana kitufe cha lugha.

— Cha lugha?

— Uiweke Kiswahili, itaosha mpaka ukome.

— Mimi naona ni maji, nikasema. Haya ni ya kisima, yana chumvi. Wewe ukipewa chai ya chumvi hutatema?

Kwa haki ya Mungu niliukaribia ukweli, maana maji ya chumvi huila mashine yasiposuuzwa. Lakini ukaribu haujawahi kuosha ukuta.

Justus alijaribu mara ya pili, ya tatu. Ptu. Jasho lilimtoka, na hakuwa na pa kuketi kwa vile kiti chake sasa kilikuwa kisima cha mashine.

— Nisongeeni kidogo basi, akasema. Nimesimama tangu asubuhi yadini, miguu inawaka.

Mimi nilitazama viatu vyangu. Salem alitazama simu ya mteja. Nasema ukweli kwa kuwa nilikuwapo: nafasi ilikuwapo. Baraza lile likitaka lachukua wanne.

— Wajua kanuni, akasema Zuhair. Baraza lina mwenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Miaka kumi na moja, Zuhair! Hilo jembe ningeshalima mpaka Mariakani!

— Haya, haya, usipandishe sauti mbele ya kahawa. Charo, dele lina vikombe vingapi?

— Vitano, akasema Charo, akilitikisa birika lake la kahawa. Ni mtu wa maneno machache.

— Basi sikiza, Justus. Mashine yako ikitoa maji ya maana kabla dele halijakauka, hii kona yangu ya kivuli ni yako. Utakaa mpaka ufe.

— Hiyo si kamari? nikauliza.

— Kamari ni haramu. Hii ni ahadi.

Justus akavua shati. Sijamwona mtu akiitaka sentimita arobaini za saruji kiasi kile. Akatikisa mpira, akabonyeza, akaomba kwa Kiluhya. Sisi tukaagiza kahawa. Kikombe changu kimoja, cha Salem kimoja, vikabaki vitatu.

— Umeipitisha wapi jana? akauliza Zuhair, sauti sasa ya chini.

— Mikindani, kwa boda.

— Wazi, bila kuifunika?

— Ndiyo.

— Basi imepigwa kijicho. Watu wa njiani wameitazama. Isomewe.

— Mashine isomewe?

— Kwani yapungukiwa nini ikisomewa?

— Maji, akasema yule mama wa mlingotini, akicheka peke yake.

Sisi hatukucheka. Salem akaagiza kikombe kingine kwa makusudi, ili dele likauke upesi, namjua. Vikabaki viwili. Charo alipokwisha kummiminia, akaliweka dele chini, akajipangusa mikono.

— Daktari, nipe ile pini ya kutolea laini za simu.

— Ya nini?

— Nipe tu.

Charo akaiteremsha mashine kutoka kwenye stuli, akaiweka chini kando ya mtungi. Akakunjua waya wote wa ekstensheni. Akafungua mahali mpira unapoingilia, akatoa kichujio kidogo kama kidole gumba. Kilikuwa kimejaa mchanga. Akakisuuza. Akakichokoa kidomo kwa ile pini. Halafu akaushika mpira, akaumiminia maji kwa kikombe cha kahawa mpaka ukafurika, ndipo akauunga.

— Bwana Justus, shika hii bunduki ya maji, bonyeza usiachie. Mashine imeshiba upepo. Iache iteme upepo wote kwanza.

— Wewe umejulia wapi haya?

— Nimeosha magari miaka minne, kabla ya kahawa.

— Na wakati wote huu mbona hukusema? akafoka Zuhair, amekasirika hasa.

— Mlikuwa mnaongea.

Akawasha. Ptu. Ptu. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito, na maji yakatoka meupe, yamenyooka, kwa nguvu iliyomsukuma Justus nyuma hatua mbili. Akapiga kelele ya furaha, akageuka kutuonyesha, na bunduki ikageuka naye. Zuhair na Salem waliruka kama watoto. Maji yalipiga egemeo la baraza pale pale kwenye kona ya kivuli.

— Zima! Baraza la babangu!

Lakini Zuhair hakumaliza. Pale maji yalipopita yameacha mstari mweupe, safi, upana wa kiganja. Sikujua baraza letu ni jeupe. Na katikati ya weupe palikuwa na alama iliyochorwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi. Herufi S.

— Usizime! akapaza Zuhair. Hapo! Hapo ndipo alipoliandika! Osha, mwanangu, osha!

Mwanangu! Justus mwenyewe alimtazama mara mbili. Kisha akasogea, akaosha. Ikatoka A.

— Said! Zuhair akainua mikono miwili. Sikuwaambia? Miaka yote mwanicheka! Wallahi, Said bin Salim, Mungu amrehemu!

Ikatoka herufi ya tatu.

— Hii ni D, akasema Salem.

— Zamani waliandika hivyo.

Ikatoka A nyingine, na K, na A ya tatu. SADAKA. Zuhair akayainamia maandishi.

— Sadaka ya Said. Lazima. Osha chini yake.

Mstari wa pili ukajitokeza pole pole. MPITA NJIA. Hapo mashine ikaanza tena kukohoa, na safari hii haikuhitaji daktari: mtungi umekwisha, na pipa la Salem limekwisha, na maji ya mfereji mpaka Jumanne. Chini ya maneno yale uchafu ulikuwa umelainika tu, umefunika mstari wa tatu.

— Hapo ndipo jina lilipo, akasema Zuhair. Nani ana maji? Jamani, maji!

Yule mama wa kikapu alikuwa amekuja karibu bila sisi kumwona. Akatoa kikapuni chupa ya maji yaliyobaki kwa mgonjwa. Akainama, akamimina kidogo kidogo, akasugua kwa pindo la leso. Tulimzunguka wanaume watano, kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

PUMZIKA.

Akasugua na chini yake, na pembeni. Hapakuwa na jina. Hapakuwa na mwaka. Saruji tupu tu, laini, nyeupe.

— Labda ni yeye, akasema Salem kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. Mtu akitoa sadaka kwa ajili ya Mungu hatangazi. Labda mzee Said alificha jina makusudi.

— Labda, akasema Zuhair. Alilisoma tena lile neno la mwisho, midomo ikienda. Mgongo wake ulikuwa umelifunika miaka yote hiyo.

Mama akakamua leso. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayehakikisha.

— Sadaka. Mpita njia, pumzika.

Kisha akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

— Mimi naitwa Mwende. Wiki tatu napita hapa kila siku, na kila siku mnanisalimia vizuri. Mbona hakuna aliyeniambia nikae?

Ndege nyingine ikapita. Hakuna aliyesema inavuta stima.

Zuhair akakivua kitambaa chake cha begani, kile cha Idi, ambacho haruhusu hata mjukuu akiguse. Akainama akaifuta kona ya kivuli, polepole, mpaka ikakauka. Kisha akamgeukia Justus.

— Ahadi ni deni. Kona ni yako.

Justus aliitazama ile kona aliyoitaka miaka kumi na moja. Akamtazama Mwende, kikapu mkononi, viatu vimelika upande mmoja. Akaupindua mtungi wake, akamwaga tone la mwisho, akaukalia.

— Mama, karibu, akasema. Mimi kiti changu ninacho.

Mwende akaketi. Akaegemea. Akafumba macho kidogo na kushusha pumzi ndefu, na mimi niliona aibu kwa kila siku niliyokaa pale nimetandaza mapaja. Nikajisogeza, Salem naye akajisogeza, na pakabaki nafasi kati yetu, wazi kabisa, kama nilivyowaambia.

— Justus, inuka kwenye plastiki hiyo, nikasema. Njoo hapa.

Akaja. Tukawa wanne, na baraza halikulalamika. Aliyebaki amesimama ni Zuhair peke yake, kitambaa chake cha Idi kimechafuka, maji ya tope yamemfika kwenye kanzu.

Charo akaokota dele. Akatikisa. Akamimina kimoja, akampa Justus.

— Hiki cha Bwana Justus, cha mashine, akasema. Kimebaki kimoja. Cha mwisho.

Akatungoja, kikombe mkononi. Sote tulijua cha mwisho ni cha nani, tunajua tangu zamani. Zuhair hakunyoosha mkono. Alikaa juu ya mtungi wa njano, akaurekebisha usiyumbe.

— Mpe mwenye baraza, akasema, akimwonyesha Mwende kwa kidevu.