Matete ya Mama Fidele

Marehemu Epifania Nduwayezu alifariki dunia Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, siku sita baada ya kingo ya shimo la mchanga la Nyamabuye kumwangukia.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1966 huko Kumsenga, Kibondo, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1981, na mwaka 1984 akapata kazi kwenye kitalu cha miti mjini Kibondo, ambako alijifunza kwamba udongo wa juu ukishaondoka, mti hauna pa kushika.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Tharsisi Ndayikunda, wakahamia hapa Heru Juu, wakajaliwa watoto wawili, Fidele na Winifrida. Mumewe alitangulia mwaka 2012.

Mwaka 2015 wachimbaji wa mchanga na kokoto walifungua shimo hilo kwenye mteremko ulio chini ya nyumba yake, wakaondoka mwaka 2019 wakiliacha wazi, na kila mvua kingo ikawa inamegeka kuelekea jikoni kwake. Mwaka uliofuata aliwaita akina mama wenzake, wakasomba udongo mweusi kwa karai, wakapanda matete kwa mistari iliyokingama mteremko, na mianzi chini kabisa, kwenye kitako cha kingo, mahali alipokataza watu wasiguse hata kwa jembe. Madereva wa malori wakipita walimtania, "Mama Fidele, leo unamsuka nani?" naye akawajibu, "Namsuka bibi yako, teremka umshike kichwa." Matete yalishika, kingo ikatulia.

Oktoba mwaka huu mianzi ilikutwa imeng'olewa na kitako kimechimbwa, aliyefanya hivyo asijulikane. Marehemu alitoa taarifa kijijini, akaanza kupanda upya, na Jumatatu tarehe 3 Novemba, baada ya mvua kubwa, kingo ilimfukia akiwa na miche mkononi. Alitolewa akiwa hai, nyonga imevunjika, na hospitalini alimuuliza kila aliyeingia kama ufa wa kingo umefika jikoni kwake. Winifrida, aliyemuuguza, alimjibu kuwa bado. Aliagiza kaburi lake lisijengwe kwa saruji, lipandwe matete.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomfukua kwa mikono, na akina mama wa matete. Inawashukuru pia vijana wa malori, ambao jana, bila kujua agizo lake, walituletea mchanga wa kujengea kaburi kama rambirambi yao. Walipoulizwa wameuchimba wapi, walionyesha kitako cha kingo, na leo asubuhi wameupakia tena kuurudisha.

Lala, Mama Fidele, mikono yako imechoka kwa haki.

Lori limeondoka saa tatu. Saa tatu na nusu akina mama wanaopikia msiba wametoka na masufuria yao jikoni kwa marehemu, kwa kuwa ufa umefika ukutani.