Kwanza Tutiwe Moyo

Kwenye basi la asubuhi, mwenye kiwanda cha mikate alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, mama mpiga pasi, kwamba wafanyabiashara hawawezi kuacha dizeli hivi hivi tu. "Lazima kwanza tutiwe moyo, dada yangu."

Mpiga pasi alikohoa. Jenereta ya tajiri wake, dobi, hupumulia dirishani kwake kutwa nzima. Mashuka meupe huanuliwa yana masizi, yakarudishwa majini. "Bosi wangu katiwa moyo semina tatu," alisema, "na kila semina karudi na kofia. Paneli za jua alizonunua hazijatoka kwenye maboksi, mwaka wa pili huu. Ndiyo meza yangu ya kukunjia mashati. Moyo anao, kaka. Fundi ndiye hajaitwa."

"Usinichanganye na huyo. Zangu zimefungwa juu ya paa, zinafanya kazi."

Mama wa watu akalainika, nusura amwombe radhi. "Kwa hiyo tanuri lako linawaka kwa jua?"

"Tanuri bado dizeli."

"Sasa hizo za paani zinawasha nini?"

Basi likasimama. Mwenye kiwanda akakumbatia mkoba wake, akajipenyeza hadi mlangoni.

"Bango," alisema akishuka. "Lile la 'Mkate Usio na Moshi'."