Ndizi Zilizooza Bila Mimi Kunusa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Mmeitikia vizuri. Sogeeni mbele kidogo, maana sauti yangu imepungua na sitaki mtu atoke hapa amesikia nusu.

Mnanijua, mimi ni Mama Edita, mkulima wa hapa Bukiriro. Pombe ya ndizi ya shughuli nyingi za kijiji hiki imepita mikononi mwangu. Ndizi zikishafukiwa shimoni ziive, sikuhitaji kufunua kujua kama zimeiva. Nilipita tu karibu, pua ikaniambia.

Wakwe wa binti yangu Edita walipokuwa wanakuja na posa kutoka Nyarubungo, kule Biharamulo, nilifukia ndizi pamoja na wifi yangu Konsolata, dada wa mume wangu, mjane aliyerudi kuishi kwenye ardhi ya baba yao. Kisha yeye akaenda Ngara mjini kuuguza mwanawe. Nikawa napita shimoni kila asubuhi, sinusi kitu, nasema bado. Tulipofunua, ndugu zangu, zilikuwa zimeoza! Wakwe tukawapokea kwa soda. Niliona aibu hadi nikajificha jikoni.

Baadaye mkono wangu wa kulia ukaanza kutetemeka hata nikiwa nimekaa tu. Mguu ukawa unaburuta. Shemeji zangu wakakaa kikao, wakaunganisha mambo: aliyefunika shimo ni Konsolata, basi ameweka kitu cha kichawi. Wakataka aondoke kwenye ardhi ile. Walichosubiri ni neno langu mimi mgonjwa.

Nilikuwa na hofu, lakini neno hilo sikulitoa! Nilisali, kisha nikawaambia nakwenda kupimwa, na kabla sijarudi mtu asiguse mlango wa Konsolata. Mume wangu alisimama nami.

Hospitali ya Ngara wakanituma Mwanza. Daktari kule, binti mdogo tu, alinitembeza, akaninyoosha na kunikunja mkono, kisha akaniwekea kahawa chini ya pua nikiwa nimefumba macho. Sikunusa kitu. Hapo nikakumbuka shimo langu, nikalia.

Wakanilaza kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, inayonguruma kama ya kusaga. Daktari akanieleza kwamba picha za kawaida mara nyingi hazioneshi kitu ugonjwa ukiwa mchanga. Ila wao wana namna ya kupiga inayotafuta sehemu ndogo katikati ya kichwa, yenye chembe nyeusi zinazosaidia mwili kwenda sawasawa. Zangu zilikuwa zimepungua. Picha peke yake haitoshi, akasema, ameiweka pamoja na mkono, mwendo na pua. Ugonjwa unaitwa Parkinson, na pua huweza kutangulia kufa miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka.

"Hauponi, mama," akaniambia, "lakini tumeujua mapema. Dawa zipo, na mazoezi usiache."

Nilirudi nikaitisha kikao kilekile. Nikaiinua picha dirishani kwenye mwanga, mkono ukitetemeka mbele ya wote.

"Mtafuteni Konsolata humu," nikasema. "Mkimwona, mizigo yake nitaitoa nje mimi mwenyewe."

Waliinama wakatazama, mmoja baada ya mwingine. Shemeji mkubwa akairudisha picha kwenye bahasha, akatoka, tukamsikia uani anamwomba dada yake maji ya kunywa.

Ndugu zangu, Mungu hakuniondolea mtetemo. Aliniokoa nisimfukuze mtu asiye na kosa, naye akamwokoa Konsolata! Dawa nameza, mlima huu naupanda kila siku kwa mazoezi, na nitaupanda kesho. Wewe ambaye mkono unakusumbua, au husikii tena harufu ya chakula chako, mwamini Mungu, nenda hospitali kabla hujataja jina la jirani.

Harusi ya Edita imekaribia, mmealikwa nyote. Ndizi tumeshafukia. Leo asubuhi Konsolata alisimama juu ya shimo, akavuta pumzi, akasema kesho tufunue.